Kipimo cha choo: kutoka utomvu wa mti hadi kingamwili

Aliyepewa kadi ya kile kipimo cha zamani cha kutafuta damu kwenye choo alipewa na masharti ya mlo: siku kadhaa bila nyama nyekundu, bila tanipu wala koliflawa mbichi, na machungwa ayapunguze. Karatina, mji wa soko la mboga nchini Kenya, masharti hayo hayakuwa madogo.

Yalitokana na kemia ya karne ya 19. Miaka ya 1860, Mholanzi Izaak van Deen alieleza jinsi utomvu wa mti wa gwayako, unaoota visiwa vya Karibi, unavyogeuka buluu ukikutana na damu. Mwaka 1901 daktari Ismar Boas wa Berlin akawafundisha wenzake kuitafuta chooni damu ambayo jicho haliioni, kwa kuwa uvimbe wa utumbo huvuja kidogo kidogo kabla mgonjwa hajahisi lolote. Kisha mwaka 1967 David Greegor, daktari wa Ohio, Marekani, akawapa wagonjwa kadi zilizopakwa utomvu huo, wajichukulie sampuli nyumbani. Mwaka 1993 utafiti wa Minnesota uliohusisha watu zaidi ya 46,000 ulionyesha kwamba kupimwa kila mwaka hupunguza vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa takriban thuluthi moja.

Ila utomvu haujui damu ni ya nani. Nyama choma ya jana huugeuza buluu, na baadhi ya mboga mbichi pia. Vitamini C nayo huweza kuficha damu iliyopo.

Miaka ile ya kadi za kwanza, Afrika Mashariki ilisifiwa kwa kutokuwa na ugonjwa wenyewe. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946, alikusanya taarifa za hospitali nyingi za Afrika, za misheni zikiwemo, na mwaka 1971 akaandika kwamba saratani hii ni nadra kwa Waafrika kwa sababu mlo wao una makapi mengi. Hoja ya mlo ilikuwa na uzito, na wala hakusema rangi ya ngozi ni kinga. Lakini hospitali huhesabu waliofika na kutambuliwa, na kopo la choo lililofika maabara lilitafutiwa minyoo na amiba. Anayetokwa na damu huambiwa ni bawasiri, naye huamini kwa furaha. Nadhani hapo ndipo sifa ile ilipotuponza. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alipotangaza mwaka 2019 kwamba ana saratani ya utumbo, ilikuwa imefika hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huo, akiwa na miaka 41.

Kuna pia kipimo cha damu ya mshipani kinachotafuta CEA, protini iliyogunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman. Kilitarajiwa kuwa mlinzi wa mapema, kikashindwa: CEA hupanda hata kwa mvutaji sigara asiye na saratani. Leo kazi kubwa ya kipimo hicho ni kumfuatilia mgonjwa baada ya upasuaji.

Kilichoondoa masharti ya mlo ni kipimo kipya cha choo kiitwacho FIT, kinachotumia kingamwili zinazoitambua damu ya binadamu peke yake. Mwongozo wa Kenya wa 2018 wa uchunguzi wa saratani unakitaja kwa watu wa miaka 45 hadi 75, kila mwaka. Kula mukimo na nyama, kisha peleka sampuli. Kikitoka chanya, hakimaanishi saratani. Kinamaanisha utumbo uchunguliwe kwa kamera na kinyama kikatwe kipelekwe kwa mwanapatholojia, ambaye hadubini yake bado ndiyo inayotoa hukumu. Aliyekwisha kuiona damu kwa macho, au choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, huyo asisubiri FIT: kipimo hicho ni cha wasio na dalili, na yeye anahitaji kuonwa na daktari kuhusu kamera.