Kuhamia Diski Ndogo

Laptopu yangu niliinunua mtumba mwaka ule niliotoka chuo bila cheti. Ilikuwa na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500, na ukiiwasha ungeweza kuchemsha chai, uinywe, uoshe kikombe, ndipo ikukaribishe. Mwaka jana nililipwa kazi fulani ya kutafsiri nikashuka Luthuli Avenue kutafuta SSD. Pesa zilitosha gigabaiti 120 pekee.

Fundi alicheka. "Bosi, vitu za mia tano zitaingia aje kwa mia moja ishirini?" Alitaka kufuta kila kitu aniwekee Windows mpya. Humo ndani mlikuwa na programu ambazo nisingeweza kuzinunua tena, na maandishi ya miaka minne, pamoja na tasnifu niliyoiacha njiani. Nilikataa, nikaondoka na SSD yangu kwenye bahasha.

Lakini swali lake lilinifuata hadi kwenye matatu, kwa sababu kwa miaka hamsini hivi karibu hakuna mtu aliyelazimika kuliuliza. Mwaka 1956 IBM ilitoa mashine ya RAMAC, iliyobuniwa San Jose, California. Kabati lake la diski lilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na uzito wa takriban tani moja. Lilibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu yako inaweza kulijaza. Kuanzia hapo kwa kawaida diski mpya ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia, na kuhama kulimaanisha kupanda. Amri ya dd ya Unix, iliyokuwepo tangu miaka ya 1970, hunakili diski kutoka baiti ya kwanza hadi ya mwisho bila kujali kama inabeba barua au utupu. Ukiielekeza kwenye diski ndogo, inafika ukutani na kusimama, mizigo nusu iko nje.

Aliyegeuza mwelekeo huo ni Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba. Mwaka 1984 aliwasilisha kumbukumbu ya flash, kisha mwaka 1987 ikafuata aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyo ndani ya SSD na simu zetu. Jina lilitoka kwa mwenzake, Shoji Ariizumi, aliyeona kwamba data ikifutwa kwa mkupuo ni kama mwanga wa kamera. Masuoka aliondoka Toshiba mwaka 1994, akaishtaki miaka kumi baadaye akidai fungu lake, na mwaka 2006 wakaelewana kwa yeni milioni 87. Kwa uvumbuzi ambao dunia nzima inatembea nao mfukoni! Mimi hulipwa kwa makala, kwa hiyo hesabu hiyo huniuma kidogo.

Kisha ikaja MacBook Air ya mwaka 2008. Ya dola 1,799 ilikuwa na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 80. Ya dola 3,098, yenye prosesa ya kasi kidogo, ilikuwa na SSD ya gigabaiti 64. Yaani ulilipa zaidi ukapata nafasi ndogo, na ukafurahi, kwa sababu hapakuwa na sindano ya kusubiriwa izunguke ikitafuta faili.

Kuhamia humo ni kama kutoka nyumba ya vyumba viwili kwenda bedsita: unahesabu vitu, si kuta. Windows Vista ya mwaka 2007 ilileta kifaa cha kupunguza eneo la diski, ila kinakwama kikikutana na faili lisilosogezwa, kama lile la kulaza kompyuta au lile linalosaidia RAM. Langu lilikwama kwenye gigabaiti 260. Nikazima yote mawili, nikawasha upya, likashuka hadi 100.

Kabla ya hapo nilikuwa nimegundua kwamba mfumo endeshi na programu zake vilikula gigabaiti 41 tu. Zilizobaki zilikuwa filamu, mihadhara iliyorekodiwa, na mimi. Niliziweka kwenye diski ya nje ya kuazima, nikanakili eneo la mfumo pamoja na kale kaeneo kadogo ka kuwashia ambako wengi hukasahau, nikazima mashine. Diski ya zamani niliichomoa kabla ya kuwasha: nakala huja na utambulisho uleule, na Windows ikiziona mbili inaweza kuikataa moja.

Iliwaka kwa sekunde kumi na tisa. Nilizima nikawasha tena, nihakikishe.

Folda ya tasnifu ina gigabaiti 2, nafasi ipo. Kila wiki naifungua kwenye ile diski ya nje, nasoma maoni ya msimamizi wangu pembeni mwa ukurasa wa 31, naifunga. Mwenye diski ameanza kuiulizia.