Kupunguza taarifa za njia katika mitandao ya Bujumbura

Kupunguza taarifa za njia ni kuzipanga ruta zitangaziane njia pale tu penye ruta nyingine inayosikiliza, na kwa kiasi kinachohitajika tu. Mjini Bujumbura suala hili linazigusa hasa taasisi zenye majengo yaliyotawanyika. Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa 1964, kina kampasi Mutanga, Kiriri, Rohero na Kamenge. Mtandao wenye umbo kama hilo huhitaji ruta kadhaa zinazoelewana.

Itifaki kongwe ya RIP, iliyopewa kanuni rasmi mwaka 1988, hutangaza jedwali zima kila sekunde 30, pawe na mabadiliko au pasiwe. Pakiti moja hubeba njia 25, basi njia 100 hudai pakiti nne, yaani baiti 2,100 na ushei. Kwenye kebo ya megabiti 100 kwa sekunde mzigo huo si kitu. Ubaya wake uko kwingine: toleo la kwanza hulitangazia kila kifaa, hata printa ya ofisini. Toleo la pili hutumia anwani ya kundi, 224.0.0.9, lakini yeyote aliyechomeka kompyuta ukutani bado aweza kuisoma ramani ya mtandao, au kutangaza njia za uongo. Hatari hiyo ni kubwa kuliko baiti zinazopotea.

Kwa hiyo mlango unaoelekea watumiaji hufanywa bubu. Kwenye ruta za Cisco amri yake ni passive-interface. Mtandao wa upande ule huendelea kujulikana kwa ruta nyingine. Katika RIP, mlango bubu huacha kutuma lakini bado hupokea, hivyo uthibitisho wa nywila hauachwi. Katika OSPF, itifaki nyingine ya njia, salamu za kila sekunde 10 hukoma na ujirani haufungwi kabisa. Anayenyamazisha milango yote kwa mkupuo sharti aufungue ule unaoelekea ruta jirani. Akisahau kwenye ruta ya Kamenge, baada ya sekunde 180 RIP ya Rohero itaihesabu Kamenge kuwa haifikiki.

Kukatika kwa umeme nako huzalisha taarifa. Swichi ikizima na kuwaka, mitandao yake hutoweka na kurudi, na kila badiliko husambaa. Mitandao minane, 10.20.0.0/24 hadi 10.20.7.0/24, ikitangazwa kama njia moja, 10.20.0.0/21, majengo mengine hayasumbuliwi na ghorofa moja iliyozimika. Katika OSPF muhtasari huu huwekwa kwenye ruta ya mpakani mwa eneo, si popote.

Taasisi yenye mtoa huduma mmoja haina haja ya itifaki upande wa nje. Njia ya msingi iliyoandikwa kwa mkono yatosha. Watoa huduma wenyewe hutumia itifaki ya BGP, ambayo hupeleka jedwali mara moja, kisha mabadiliko pekee.