Kupevuka kwa Kiswahili Sanifu

Mkulima wa migomba hutofautisha kupevuka na kuiva. Ndizi iliyopevuka, hata ikikatwa ingali ya kijani, huiva ikivundikwa. Ndizi changa husinyaa tu. Tofauti hiyo ina funzo kwa historia ya Kiswahili Sanifu, ambayo mara nyingi husimuliwa kana kwamba lugha ilianza kukomaa siku ilipoundiwa kamati.

Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyozihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Jukumu lake lilikuwa kusawazisha tahajia, sarufi na msamiati, hususan katika vitabu vya shule. Hata hivyo, lugha iliyokabidhiwa Kamati haikuwa changa. Utendi wa Tambuka ulikwisha kuandikwa Pate, kwa hati za Kiarabu, mwaka 1728, yaani miaka 200 kabla ya mkutano huo. Aidha, katika Mombasa hiyo hiyo, Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya siasa na ya mapenzi mwanzoni mwa karne ya 19, tena kwa Kimvita, lahaja ambayo mkutano haukuichagua.

Kilichokuwa kichanga, basi, ni usanifu wenyewe. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya mwaka 1935 ilikuwa kazi ya Frederick Johnson, Mwingereza aliyekuwa katibu wa Kamati. Wenye lugha wakawa wanafunzi wa kanuni zilizoamuliwa na wageni. Hali hiyo ilibadilika polepole. Mwaka 1964 shughuli za Kamati zilihamia Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu, miaka 46 baada ya ile ya Johnson. Matoleo mengine yakafuata mwaka 2004 na 2013.

Kwa hiyo, umri peke yake haukomazi kitu. Usanifu ulianza kupevuka pale wasemaji walipogeuka kuwa waamuzi, wakathubutu kuirekebisha kamusi yao wenyewe. Utakuwa umeiva utakapoyapokea maneno ya Kimvita, Kiamu na Kipemba kama akiba ya lugha, badala ya kuyahesabu kuwa makosa ya mwanafunzi.