Waziri Mkuu wa Kanada na Njia ya Walikale

Kanada iko mbali nasi, ng'ambo ya bahari kubwa. Walakini mwaka 1996 Waziri Mkuu wake, Jean Chrétien, alitaka kuleta askari huku kwetu Kivu. Watu wa Masisi na Walikale wana haki ya kumpima kwa jambo lile.

Tangu 1994 wakimbizi wa Rwanda, wauaji na wasio na hatia wamechanganyika, walikaa katika makambi ya Goma na Bukavu. Oktoba 1996 vita viliwafikia. Tarehe 29 ya mwezi ule aliuawa Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu, aliyekuwa akiwaombea msaada. Chrétien aliona taabu yao katika televisheni, akashika simu, akawasihi wakubwa wa dunia mmoja mmoja. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama likakubali jeshi la mataifa, na Jenerali Maurice Baril wa Kanada akawa mkuu wake. Haraka namna ile si desturi ya wakubwa!

Lakini siku zile zile kambi ya Mugunga ilivunjika. Watu mamia ya maelfu walirudi Rwanda kwa miguu. Basi, serikali nyingi zikasema kazi imekwisha. Rwanda na waasi wa Kabila hawakulitaka jeshi lile, Marekani ilisitasita, na Kanada peke yake haikuwa na nguvu. Jeshi liliishia Entebbe, na mwisho wa Desemba likafungwa.

Je, wote walirudi? Hapana. Wengine walishika njia ya magharibi, wakapita Masisi, wakaingia msitu wa Walikale, wakaenda mpaka Tingi-Tingi karibu na Lubutu. Ndege zilipiga picha kutoka juu, wakubwa wakabishana juu ya hesabu; lakini msitu wetu haumwonyeshi mtu aliye chini ya miti. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeandika mauaji mengi katika njia ile, na wenyeji wetu wamo pia.

Kwao Chrétien, aliyetawala 1993 mpaka 2003, husifiwa kwa kukataa vita vya Irak. Ni haki yake. Mimi simlaumu kwa huruma. Alihurumia kuliko wengi. Kosa, naona, lilikuwa kukubali upesi kwamba hatari kubwa imepita. Wenyeji waliokuwa wakiona watu wakipita mbele ya milango yao, mchana na usiku, walijua vingine.