Azimio la wahadhiri lililosahaulika

Tarehe 19 Aprili ilistahili kukumbukwa katika kila chuo kikuu nchini Tanzania. Siku hiyo, mwaka 1990, jumuiya sita za wanataaluma, zikiwamo UDASA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani) na SUASA ya Chuo Kikuu cha Sokoine, zilizindua Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Uhuru na wajibu viliwekwa pamoja kwa makusudi: anayedai kusema bila woga naye ana la kuwajibikia, kwa wanafunzi wake, kwa wenzake na kwa wananchi wanaomsomesha kwa kodi zao.

Azimio hilo halikuzuka hivihivi. Mizizi yake inaonekana katika maandishi ya mwanazuoni Issa Shivji, yaliyokuja kukusanywa mwaka 1993 katika kitabu *Intellectuals at the Hill*. Kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964, kila mtu anajua. Vuguvugu la wanafunzi lililofuata ndilo linalosahaulika. Vijana hao waliandaa madarasa ya itikadi kila Jumapili, Walter Rodney akiwa miongoni mwa wahadhiri waliokaa nao. Jarida lao, *Cheche*, walilipiga chapa kwa stensili na kupanga kurasa kwa mikono. Novemba 1970 likapigwa marufuku.

Kisha ikaja Julai 1971. Symonds Akivaga, Mkenya aliyeongoza serikali ya wanafunzi, alimwandikia barua ya wazi Makamu wa Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, kulalamikia uongozi wa amri usio na mashauriano. Akafukuzwa chuo. Askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia, wakiwa na silaha, walimkamata mbele ya wenzake na kumwondoa, akarudishwa Kenya. Wanafunzi waligoma, na wapo wahadhiri waliosimama nao huku wakijua kwamba ajira zao zimo mikononi mwa uongozi uleule. Hapo ndipo ilipoonekana mwalimu wa chuo kikuu ni nani pindi mwanafunzi wake anapoonewa.

Hata Azimio lenyewe halikuachwa lipumue. Mei 1990, mwezi mmoja tu baada ya uzinduzi, serikali ilikifunga chuo kufuatia mgomo wa wanafunzi. Novemba mwaka huohuo wasomi wa Afrika walikutana Kampala wakatoa azimio lao, lenye sura ileile ya uhuru na wajibu.

Watafiti wa Ulaya nao wameandika sana kuhusu wajibu huu, wakiuita uraia wa kitaaluma. Bruce Macfarlane wa Uingereza, mwaka 2007, alionyesha jinsi kulea wanafunzi, kusaidia wenzako na kuhudumia umma kunavyokosa thamani pale vyeo vinapogawiwa. Dar es Salaam ilikuwa imeshaudai wajibu huo miaka 17 kabla yake.

Tangu Azimio lizinduliwe, Mlimani kumekuwa na Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kilichoanza 2008 chini ya Shivji, na makongamano yake. Lakini mhadhiri kijana wa leo anaambiwa ahesabu machapisho ili apande cheo. Akabidhiwe pia Azimio siku anayosaini mkataba, na kamati za vyeo zimuulize amelitekelezaje.