Kabla ya 1967: Mwanafunzi Aliyetengwa katika Riwaya za Vijana

Maandishi mengi kuhusu riwaya za vijana za Marekani huanzia mwaka 1967, S. E. Hinton, binti wa miaka 18 wa Tulsa, Oklahoma, alipochapisha The Outsiders. Kabla yake, tunaambiwa, vijana waliandikiwa mapenzi ya likizo tu, mfano wake Seventeenth Summer ya Maureen Daly ya 1942. Dai hili limerudiwa hata limekuwa kama sheria. Kwa riwaya za mwanafunzi anayehangaika kukubaliwa na wenzake shuleni, mimi silikubali.

Hinton anastahili sifa zake. Alianza kuandika akiwa na miaka 15, rafiki yake alipopigwa na vijana wa matajiri. Aliishia kutumia herufi za mwanzo za jina lake, mchapishaji akihofia kwamba wahakiki wangekidharau kitabu cha msichana kuhusu magenge ya wavulana. Lakini hebu tukifungue kitabu chenyewe. Mambo yanatokea barabarani, kwenye kiwanja kitupu, katika kanisa lililotelekezwa na hospitalini. Shule inachungulia tu karibu na mwisho, mwalimu wa Kiingereza anapomdai Ponyboy, mhusika mkuu, insha ili asifeli. Tena Ponyboy hatafuti kukubaliwa na mtu, maana genge lake limeshamkubali. Hiyo ni riwaya ya matabaka ya mtaani, na ni nzuri kwa hilo.

Wako wanaorudi nyuma zaidi, hadi Tom Brown's School Days ya Thomas Hughes, iliyotoka Uingereza mwaka 1857. Humo shule ya Rugby ndiyo inayomfinyanga mtoto, na mgeni akishashika desturi za wenyeji shida yake imekwisha. Sioni kwa nini tukae hapo.

Kitabu ninachokipigania ni The Hundred Dresses cha Eleanor Estes, kilichochapishwa mwaka 1944 na kupata heshima ya tuzo ya Newbery mwaka uliofuata. Wanda Petronski, binti wa mhamiaji kutoka Poland, anakaa safu ya nyuma kabisa darasani. Kila siku huvaa gauni lile lile la buluu, limepauka, halimkai vizuri, lakini ni safi. Siku moja anawaambia wasichana wenzake kwamba nyumbani anayo magauni 100. Tangu hapo Peggy, msichana anayependwa kuliko wote, humsimamisha kila asubuhi na kumwuliza yako mangapi, na wengine wakacheka.

Ila Estes hakuiweka hadithi kwa Wanda wala kwa Peggy. Aliiweka kwa Maddie, rafiki wa Peggy, naye maskini, anayevaa nguo alizoachiwa na Peggy. Maddie anaanza kumwandikia Peggy kikaratasi cha kumwomba aache mchezo ule, kisha anakichana. Anajua akiisha Wanda, atafuata yeye. Baadaye Wanda anashinda shindano la kuchora kwa michoro 100 ya magauni, lakini hayupo kupokea tuzo. Baba yake ameandika barua: wamehamia mji mkubwa, ambako hakuna atakayewauliza kuhusu jina lao. Maddie hapati nafasi ya kumwomba radhi ana kwa ana.

Wahakiki hukitupa nje kitabu hiki kwa hoja moja: ni kifupi, na ni cha watoto. Hoja hiyo inahusu rafu za maktaba, haihusu fasihi. Kikaratasi kile kilichochanwa kimebeba hofu ya kutengwa kuliko mapigano yote ya Hinton, kwa sababu kinamwonyesha mtu aliye ndani akilipa gharama ya kubaki ndani.

Mrithi halisi wa Estes ni Robert Cormier, mwandishi wa habari wa Massachusetts, mwenye The Chocolate War ya 1974. Mwanawe alikuwa amekataa kuuza chokoleti za kuchangia shule. Cormier akajiuliza ingekuwaje kama mambo yangeharibika. Katika riwaya, mwanafunzi Jerry Renault anakataa, na kundi la siri la wanafunzi linamponda huku uongozi wa shule ukifumba macho. Wachapishaji kadhaa walitaka mwisho ubadilishwe, mwandishi hakubadilisha. Wanaolalamika kwamba kitabu hakina matumaini wanataka shule isafishwe kwa mgongo wa mtoto aliyeumia.

Kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1960, Barbara Kimenye, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Uganda na Kenya, alilitazama jambo hili kinyume. Katika vitabu vyake vya Moses, shule ya bweni ya Mukibi inakusanya wavulana waliokataliwa na shule nyingine. Pale hakuna wa kumwita mwenzake mgeni. Vimechukuliwa kama vichekesho tu, na huko ni kuvionea.

Speak ya Laurie Halse Anderson, ya 1999, inamfuata Melinda, anayesusiwa na shule nzima kwa kuwa aliita polisi kwenye sherehe, na hakuna anayejua alibakwa. Inasimama upande wa Estes. Wonder ya R. J. Palacio, ya 2012, haisimami. Mtoto mwenye uso usio wa kawaida anavumilia mwaka mzima, kisha ukumbi unasimama kumpigia makofi, na shule inajipongeza pamoja naye.

Ombi langu ni kwa walimu na wakutubi wanaoandaa orodha za riwaya hizi. Wekeni The Hundred Dresses mwanzoni, kabla ya The Outsiders, na muwaulize wanafunzi kuhusu Maddie kabla ya kuwauliza kuhusu Wanda.