Kutoka Haki hadi Udhamini: Historia ya Karatasi ya Muuguzi Mgeni Uingereza

Viza ya kazi ya muuguzi au mtunzaji wa wazee anayekwenda Uingereza hudhaniwa na wengi kuwa jambo la juzi, lililozuka pamoja na mawakala wa ajira waliojaa katika miji ya Afrika Mashariki, ilhali mizizi yake ina umri wa zaidi ya miaka 70. Katika muda wote huo hospitali za Uingereza hazikuacha kuwategemea wauguzi waliotoka nje. Kilichobadilika kila baada ya miaka kadhaa ni karatasi ambayo mgeni alitakiwa kuishika ndipo aruhusiwe kuwahudumia wagonjwa wa nchi hiyo. Karatasi hizo zikipangwa kwa mfululizo, kuanzia pasipoti ya himaya hadi cheti cha udhamini, zinaonyesha jinsi haki ya mtu ilivyogeuzwa kuwa ruhusa ya dola, na jinsi ruhusa hiyo ya dola ilivyoishia mikononi mwa mwajiri.

Safari za wauguzi ndani ya himaya zilianza kwa mwelekeo wa kinyume, kwa kuwa Chama cha Wauguzi wa Makoloni kilichoundwa London mwaka 1896 kilikuwa na kazi ya kuwapeleka wauguzi wa Kiingereza makoloni. Mkondo huo uligeuka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza ilianzisha Huduma ya Taifa ya Afya, ijulikanayo kwa herufi NHS, ambayo ilimpa kila mkazi matibabu bila malipo wakati wa kutibiwa, na wagonjwa wakafurika katika hospitali zilizokuwa na vitanda vingi na wauguzi wachache. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Uraia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1949, ikaunda hadhi ya uraia wa Uingereza na Makoloni. Mwenye hadhi hiyo, awe amezaliwa Kingston au Liverpool, alikuwa na haki ya kuingia Uingereza, kukaa na kufanya kazi pasipo kuomba viza wala kibali.

Hata hivyo, haki hiyo haikuwafikia wote waliotawaliwa. Kwa kuwa Kenya ya bara ilikuwa koloni kamili, mtoto aliyezaliwa Nairobi alihesabiwa kuwa raia wa Uingereza na Makoloni. Lakini ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa bado ni milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya hifadhi ya Waingereza, na kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa Mombasa alikuwa, kwa lugha ya sheria, mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza tu, sawa na wenzake wa Unguja, Pemba, Uganda na Tanganyika. Watoto wawili wa ukoo mmoja, mmoja akazaliwa bara na mwingine pwani, waliweza kushika karatasi za hadhi mbili. Upangaji wa watu kwa karatasi, ambao baadaye ulitungiwa sheria nyingi, ulikuwamo tangu mwanzo.

Kuanzia mwaka 1949 wizara za Afya na Kazi, zikishirikiana na Wizara ya Makoloni, zilianza kuwatafuta wasichana wa kusomea uuguzi katika makoloni, hasa visiwa vya Karibi, na kufikia mwaka 1955 mipango rasmi ya namna hiyo ilikuwa imeenea katika makoloni na nchi 16 zilizowahi kutawaliwa. Wasichana hao walifika wakiwa na haki kamili ya kuingia, ila walipofika walikuta mlango wa pili ndani ya hospitali yenyewe. Majina ya wauguzi yaliwekwa katika vitabu viwili. Aliyesoma miaka mitatu jina lake liliandikwa katika Rejesta, na njia ya kupanda hadi kuwa msimamizi wa wodi ikawa wazi mbele yake. Aliyesoma miaka miwili jina lake liliingizwa katika Orodha, kitabu cha pili kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1943, na mara nyingi alibaki kando ya kitanda cha mgonjwa hadi kustaafu. Wasichana wengi weusi, wakiwamo waliokuwa na vyeti vya shule vilivyotosha kuingia Rejesta, walipelekwa kwenye mafunzo ya miaka miwili bila kuelezwa tofauti, na walipotaka kurudi nyumbani na ujuzi wao waligundua kuwa cheti cha Orodha hakitambuliwi huko. Walikuwa wameshonewa vazi ambalo lingeweza kuvaliwa Uingereza peke yake.

Haki ya kuingia ilianza kupunguzwa kwa Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962, iliyoleta vocha ya ajira, yaani hati iliyotolewa na Wizara ya Kazi kabla ya safari. Vocha ziligawanywa katika makundi matatu: A ya mwenye kazi maalumu iliyokuwa ikimngoja, B ya mwenye ujuzi unaotambulika, na C ya asiye na ujuzi wala kazi ya uhakika. Kundi C lilifutwa mwaka 1965, nalo kundi B, ambamo waliingia wauguzi na madaktari, likabaki wazi kwa sababu hospitali zisingeweza kuendeshwa bila wao. Pamoja na ukali wake, vocha ilikuwa na upole ambao karatasi zilizoifuata zilikosa, kwa kuwa mwenye vocha akishaingia hakufungwa kwa mwajiri yeyote, na sheria ilimruhusu mke wake na watoto wake wa chini ya miaka 16 kumfuata. Kasoro ya ruhusa hiyo ni kwamba ilimtaja mke bila kumtaja mume, ilhali wengi wa wauguzi walikuwa wanawake.

Pigo lililofuata lilihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya waliokuwa wamebaki na pasipoti za Uingereza baada ya uhuru walipoanza kuhama kwa wingi, Bunge la London lilipitisha kwa siku chache sheria iliyodai kuwa mwenye pasipoti ya namna hiyo awe na mzazi, babu au bibi aliyezaliwa au kupata uraia nchini Uingereza kwenyewe, na hivyo kwa mara ya kwanza watu wakashika pasipoti za nchi isiyowajibika kuwapokea. Kisha Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1973, ilimfanya raia wa Jumuiya ya Madola asiye na nasaba ya Uingereza kuwa mgeni kama wageni wengine. Mahali pa vocha pakachukuliwa na kibali cha kazi, kilichoombwa na mwajiri kwa ajili ya mtu mmoja na kazi moja, kwa kawaida kwa miezi 12 ya kwanza, na aliyetaka kubadili kazi alilazimika kupata idhini. Muuguzi alikaa nchini kwa sababu mwajiri fulani alimhitaji, na baada ya miaka minne ndipo aliweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Waliotangulia, yaani waliofika kabla ya mwaka 1973, waliendelea kuwa na haki yao kisheria, lakini haki hiyo haikuandikiwa hati yoyote. Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 2018, ilipofichuka kuwa wazee waliotoka Karibi wakiwa watoto au vijana walikuwa wakinyimwa kazi, matibabu na hata makazi, na wengine wakifukuzwa nchini, kwa kukosa karatasi za kuthibitisha lini waliingia. Kadi za kutua, ambazo abiria walizijaza waliposhuka melini na ambazo zingeweza kuwa ushahidi wao, ziliharibiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 2010. Walioathirika walikuwamo watu waliokuwa wameitumikia NHS kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa karne ya 20 mahitaji yalipanda tena. Mwaka 1997 Rais Nelson Mandela wa Afrika Kusini aliilalamikia Uingereza kwa kuwachukua wauguzi wa nchi yake, na mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilitoa kanuni za maadili zilizozikataza hospitali za umma kuwafuata wauguzi katika nchi maskini kwa lengo la kuwaajiri. Kanuni hizo hazikuzifunga nyumba binafsi za wazee, hivyo muuguzi aliweza kuajiriwa katika nyumba hizo, akamaliza kipindi cha kuangaliwa utendaji wake, kisha akahamia hospitalini. Mwanya huo ulishughulikiwa katika marekebisho ya mwaka 2004. Mwaka 2006 wauguzi wa ngazi za chini waliondolewa katika orodha ya kazi zenye upungufu na mlango ukafungwa, hadi walipohitajika tena mwaka 2015 na mlango ukafunguliwa. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 2010, mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kuajiri wahudumu wa afya, ambazo zinashauri bila kulazimisha.

Upande wa pili wa safari hiyo hauelezeki kwa tamaa ya fedha peke yake. Masharti ya kubana matumizi yaliyoambatana na mikopo ya miaka ya 1980 na 1990 yalizuia serikali nyingi za Afrika kuajiri, na vyuo vikaendelea kutoa wahitimu ambao hazina haikuwa na mishahara yao. Ndiyo maana nchini Kenya muuguzi asiye na kazi na wodi isiyo na muuguzi viliweza kuwapo katika kaunti moja, na ndiyo maana mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulidumu kwa takriban miezi mitano.

Karatasi ya sasa ilianza kuundwa mwaka 2008, Uingereza ilipoleta mfumo wa pointi pamoja na cheti cha udhamini. Pamoja na jina lake, cheti hiki ni namba ya kumbukumbu inayotolewa katika mtandao wa serikali na mwajiri mwenye leseni ya udhamini, naye mwajiri huyo hutakiwa kuiarifu serikali mfanyakazi anapoacha kazi au kutoweka. Viza ya Afya na Malezi ilizinduliwa juu ya msingi huo mwezi Agosti 2020, wakati janga la UVIKO-19 lilipokuwa limewafanya wananchi kuwapigia makofi wauguzi kutoka milangoni mwao; ada yake ilipunguzwa, na walioipata wakasamehewa tozo ya afya wanayolipa wahamiaji wengine. Watunzaji wa wazee, yaani wanaowaogesha, kuwavisha na kuwalisha watu wasiojiweza katika nyumba za wazee au majumbani mwao, waliachwa nje. Waliingizwa tarehe 15 Februari 2022, baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya na nafasi zilizokosa watu katika sekta hiyo ya England kufikia takriban 165,000.

Kenya ilikuwa tayari imetia saini makubaliano na Uingereza mwezi Julai 2021, na kundi la kwanza la wauguzi 19 lilielekea Oxford mwaka 2022. Tanzania, Uganda na Burundi zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa, ambazo mawakala hawaruhusiwi kuzifuata kutafuta watu, ijapokuwa mtu binafsi haoni kizuizi akiomba kazi mwenyewe. Kizingiti kilichowashangaza wengi kilikuwa mtihani wa Kiingereza: waziri wa afya wa Kenya alitangaza mwaka 2021 kuwa katika wahudumu 300 waliofanya mtihani huo ni 10 tu waliofaulu, ingawa walisomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi.

Kwa watunzaji, tatizo kubwa lilianza baada ya kufika. Mtunzaji wa majumbani huendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba, ambapo ziara moja huweza kupangiwa dakika 15 za kumwamsha mzee, kumsafisha, kumpa dawa na kumwandalia chai, na katika kampuni nyingi muda wa kuwa barabarani haulipwi. Wapo waliolipa mawakala mamilioni ya shilingi kwa cheti ambacho kisheria mwajiri hakupaswa kumuuzia mtu, kisha wakakuta saa za kazi ni chache au hazipo kabisa. Kulalamika kulikuwa kujitia hatarini, kwa sababu mwajiri anaponyang'anywa leseni, mfanyakazi wake kwa kawaida hupewa siku 60 za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 leseni zaidi ya 470 za sekta ya malezi zilifutwa, nazo zilihusiana na wafanyakazi zaidi ya 39,000. Adhabu iliyokusudiwa mkosaji ilimwangukia aliyekosewa.

Serikali ilikabiliana na wingi wa walioingia kwa kuipunguza karatasi yenyewe. Ilieleza kuwa katika mwaka ulioishia Septemba 2023 watunzaji wapatao 100,000 waliingia na wategemezi 120,000, na kuanzia tarehe 11 Machi 2024 ikawazuia watunzaji wapya kuja na wenzi wao au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 uajiri wa watunzaji kutoka ng'ambo ulisitishwa kabisa, huku waliokwisha kuwamo nchini wakiachiwa nafasi ya muda ya kubadili waajiri.

Mlango huo umefungwa kama ulivyofungwa mwaka 2006, na kwa kuwa idadi ya wazee wa Uingereza haipungui, hakuna sababu ya kuamini kuwa kufungwa huku ni kwa mwisho. Utakapofunguliwa tena, serikali za Afrika Mashariki zitakazoketi mezani zina la kujifunza katika historia hii. Msichana wa mwaka 1949 alifika bila viza, na muuguzi wa vocha wa mwaka 1962 aliweza kumwacha mwajiri mbaya bila kupoteza nchi ya kuishi. Mtunzaji wa mwaka 2024 hakuweza kumpakata mwanawe wala kumkimbia bosi wake. Makubaliano yanayohesabu nafasi za kazi bila kuuliza karatasi itakuwa mkononi mwa nani yatarudia kosa lile la vitabu viwili, la kupokea kazi ya mtu na kumwacha mtu mwenyewe mlangoni.